Kifuniko cha Pikipiki Kikikataa Kufunguka



Somo la mwezi huu haliko katika programu ya darasa lolote, lakini fizikia iko ndani, kimia iko ndani, na mambo ya usalama ndiyo mengi zaidi. Ni juu ya kifuniko cha tanki la esansi, kile chenye kufuli, ambacho watu wa garaji wanakiita bushoni. Karibu pikipiki zote zinazopita barabara yetu leo, TVS, Boxer na zile za Kichina, ziko nacho. Siku moja unatia ufunguo, haugeuki. Ao unageuka, kifuniko hakitoki. Hapo kila mtu anakuwa fundi: mmoja anataka nyundo, mwingine turnevisi, wa tatu anasema leteni taa tuone.

Pikipiki kwetu wengi wanaita «moto» tu, kama Wafaransa. Kwa Kiswahili neno hilo lina maana nyingine, na katika somo hili maana zote mbili ziko karibu sana. Kwa hiyo naanza na moto ule mwingine.

Esansi haingoji joto ili itoe mvuke. Hata kwenye baridi ya digri 40 chini ya sufuri, mvuke wake unaweza kushika cheche. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu ao nne, kwa hiyo haupandi juu kama moshi, unashuka na kutambaa chini, mpaka penye makaa ao penye mtu wa sigara. Tena unawaka ukiwa kidogo tu katika hewa: tangu sehemu 1.4 kwa mia mpaka karibu 7.6 kwa mia. Ukizidi hapo hauwaki, kwa sababu hewa haitoshi. Sasa fikirini vizuri: tanki lililojaa lina nafasi ndogo ya hewa, na mvuke humo ni mwingi mno. Tanki tupu, lililobaki na harufu tu, linaweza kuwa na mchanganyiko unaofaa kabisa kulipuka. Watu wanasema «haina kitu, musiogope». Ndiyo ya kuogopwa! Basi hakuna kandili, hakuna brike, hakuna mshumaa karibu na kifuniko. Usiku tumieni torshi, na muiwashe mkiwa mbali mbele ya kukaribia.

Sasa kufuli yenyewe. Ndani yake kuna kiini cha mviringo, na katika kiini vibati vyembamba, kila kimoja na springi yake ndogo kama unywele. Pasipo ufunguo, springi zinasukuma vibati vitoke nje kidogo na kuingia katika mifereji ya kando, na kiini hakiwezi kugeuka. Meno ya ufunguo yanavuta kila kibati mpaka mahali pake, vyote vinakuwa sawasawa na kiini, nacho kinageuka na kurudisha ulimi wa kifuniko. Kibati kimoja tu kikikwama, basi. Vingine vyote vinaweza kuwa vizuri, haisaidii kitu.

Kinachokwamisha mara nyingi ni vumbi na maji. Kifuniko kimelala juu, kinatazama mbingu, na tundu la ufunguo linapokea kila mvua. Kile kibati kidogo cha kufunika tundu kinavunjika mapema ao kinabaki wazi. Vumbi la kiangazi linaingia, mvua ya kwanza inaligeuza udongo, udongo unakauka. Tena kufuli nyingi zimetengenezwa kwa madini yenye zinki, na zinki ikikaa na maji inatoa unga mweupe. Hiyo ni kutu yake. Mtu asiyejua ataona ule unga na kusema mtu alitia chaki.

Mbele ya kugusa kitu, ujue ugonjwa ni upi. Ufunguo haugeuki, ao ufunguo unageuka lakini kifuniko hakitoki? Ni magonjwa mawili, na dawa zake si moja.

Tuanze na ule usiogeuka. Kwanza, hapana kulazimisha. Usikamate ufunguo kwa pensi ili upate nguvu zaidi. Vidole viwili vinatosha, na vidole vikishindwa ni kusema kuna kitu ndani. Ufunguo ukivunjika umeongeza shida ya pili juu ya ile ya kwanza. Pima kama unaingia mpaka mwisho. Kama hauingii, ni uchafu. Chukua pompi ya kinga, upulize katika tundu mara kumi na zaidi. Usipulize kwa kinywa, mate ni maji. Kisha tia matone machache ya petroli, ile ya taa, iliyochanganywa na mafuta mepesi ya mashini ya kushona. Mwenye WD-40 atumie hiyo. Ngoja dakika kumi na tano. Ingiza ufunguo na kuutoa, ingiza na kutoa, bila kugeuza, na kila mara uupanguse kwa kitambaa. Utaona weusi unatoka. Weusi ukipungua, ndipo jaribu kugeuza, polepole, huku kiganja cha mkono mwingine kinakandamiza kifuniko chini.

Hapo kwenye kukandamiza nakaa kidogo, maana ndiyo siri kubwa na haina gharama. Chini ya kifuniko kuna mpira unaokisukuma juu. Ulimi unabanwa chini ya ukingo wa tanki kwa nguvu ya mpira huo. Ukisukuma kifuniko chini, ulimi unapata nafasi, na kiini hakina tena mzigo. Jaribuni mlango wa bweni letu: ukiusukuma kidogo ndipo komeo linateleza. Pikipiki ikikaa juani tanki limefungwa, mvuke unapanda na kuongeza msukumo uleule. Basi kwanza ipeleke kivulini, kisha ukandamize.

Wengine wanasema kifuniko kinashikwa na hewa, maana kitundu cha kupumulia kimeziba. Si uongo, lakini tuhesabu. Kifuniko cha upana wa sentimeta 5 kina eneo la 3.14 × 2.5 × 2.5, ni karibu sentimeta mraba 19.6. Kitundu kikiziba, motere inavuta esansi na hewa ya tanki inapungua, mpaka esansi haishuki tena na motere inazima. Kama esansi iko sentimeta 25 juu ya karburateri, na uzito wake ni gramu 0.74 kwa sentimeta kyubi moja, upungufu huo ni gramu 18.5 tu kwa kila sentimeta mraba. Mara 19.6, ni gramu 363. Hata mtoto anainua hiyo. Lakini pikipiki ikikaa juani mpaka digri 40, robine imefungwa, halafu mvua inaishusha mpaka digri 18, sheria ya gesi inasema msukumo wa ndani unapungua sehemu 7 kwa mia. Hapa kwetu kando ya Ziwa Kivu, kwenye mita 1460, hewa inasukuma karibu kilo 0.87 kwa sentimeta mraba. Hesabu inatoa kilo 1.2 juu ya kifuniko, na zaidi kidogo, sababu mvuke wa esansi nao unarudia kuwa maji. Kwa hiyo hewa inasaidia kukwama, haikwamishi peke yake. Dawa yake ni nyepesi: chomoa tiyo kwenye karburateri, uielekeze katika chupa, ufungue robine. Esansi itashuka, itasimama, kisha utasikia tanki linameza hewa glu-glu. Motere iwe imepoa.

Ugonjwa wa pili ni ule wa ufunguo kugeuka na kifuniko kubaki. Hapo kufuli haina kosa. Ni mpira uliovimba kwa esansi na kushikamana na ukingo, ao ulimi umeshika kutu na haurudi wote. Geuza ufunguo, uushikilie hivyo, mwenzako akandamize na kuachilia, akandamize na kuachilia, kisha apigepige kandokando kwa mpini wa mti wa turnevisi, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa. Kipande cha mti kilichochongwa kinaweza kuinua ukingo. Chuma kitakwaruza tanki na kinaweza kutoa cheche. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, kikiwekwa juu dakika tano, kinalegeza mpira. Maji ya moto, nimesema, si moto!

Ufunguo ukivunjika ndani: kama kipande kinaonekana, pensi nyembamba. Kama hakionekani, chukua kipande cha msumeno mwembamba sana, meno yaelekee nje, ukiingize kando ya ufunguo na kuvuta. Lakini kwanza rudisha tundu katika msimamo wake wa kuingizia ufunguo, kwa turnevisi ndogo, maana kiini kikiwa kimegeuka nusu hakiachi kitu kutoka. Gundi ile kali hapana kabisa. Nimeona kufuli iliyokufa kwa gundi.

Yote yakishindwa, kufuli inatobolewa, na hiyo ni kazi ya fundi. Mafundi wenye akili kwanza wanatoa esansi yote kwa robine, kisha wanajaza tanki maji kwa njia ya tiyo ili mvuke usipate nafasi, ndipo wanatoboa kwa kekee ya mkono, si ya umeme. Nyuma ya hapo tanki linakaushwa vizuri.

Nimeandika haya kwa sababu ya mambo yaliyotokea hapa enterna. Mwaka huu, majira ya mvua, mwenzetu wa mwaka wa pili alishikwa na malaria kali usiku, akaanza kutetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Pikipiki ya masomo ilikuwa kwenye tanki tupu. Bidoni ya esansi ilikuwa pale, imejaa, lita tano. Kifuniko kilikataa. Walinzi wakaleta patasi, nyundo na kandili, vyote vitatu pamoja, na wakaudhika nilipowaambia kandili irudi barazani. Fundi mmoja wa kijijini aliyeitwa hakupoteza wakati na kifuniko. Alichukua chupa ya maji ya plastiki, akatoboa kifuniko chake, akapitisha tiyo na kuikaza kwa waya, akatoboa kitundu kidogo kwenye kitako ili hewa iingie, akaitundika kichwa chini kwenye usukani, juu kuliko karburateri. Lita moja kwa motere ya 125 inatosha kufika hospitali yetu na kurudi. Mgonjwa alifika, akatiwa serumu, sasa yuko darasani na anasoma bulletini hii. Lakini musiige chupa hiyo kwa mchezo: ikimwaga juu ya motere yenye joto, munajua matokeo. Ni ya shida kubwa tu, na fundi aiangalie.

Kesho yake maneno yakaanza. «Ni wale wadogo wa mwaka wa kwanza, walitia vijiti na chaki!» Watatu walikuwa wameonwa wakicheza karibu na pikipiki. Barua kwa wazazi juu ya kulipa kifuniko kipya ilikwisha kuandikwa. Niliomba ingoje mpaka fundi afungue kufuli. Akaifungua mbele ya mwalimu wa kimia, juu ya karatasi nyeupe. Hakukuwa na kijiti hata kimoja. Udongo ulikuwepo, na ule unga mweupe, ambao mwalimu aliudondoshea siki ya jikoni, lakini hakutegemea siki peke yake, maana chaki nayo inatoa povu katika siki. Alitazama vibati vyenyewe: vimeliwa, vina mashimo, na unga umeshikamana humo ndani ya mashimo. Chaki haili chuma. Hiyo ilikuwa kazi ya miaka, si ya watoto wa juma moja. Barua haikutumwa. Mimi nadhani wale watatu walistahili pia kuambiwa neno mbele ya wote kama walivyoshitakiwa mbele ya wote, lakini hilo si la ufundi.

Imebaki kuzuia. Musitie mawese katika kufuli, hata kama wazee wanafanya hivyo. Kwa baridi yetu ya asubuhi mawese yanaganda, na mchana yanakamata vumbi. Mafuta mazito ya motere vilevile. Kitu kizuri ni kreyo, ile laini ya B ao 2B. Ndani yake hamna risasi kama wengi wanavyofikiri. Ni grafiti, ndugu ya makaa, inayoteleza pasipo kushika vumbi. Paka kreyo pande zote za ufunguo, uingize na kutoa mara nyingi. Lakini kufuli iliyotiwa mafuta isitiwe kreyo mpaka mafuta yakauke, la sivyo utapata uji mweusi. Fanya hivyo kila mwezi, hata kama kufuli haina shida. Funika tundu kwa kipande cha mpira wa kinga pikipiki ikilala nje. Ufunguo wa pili ukitaka kunakiliwa, peleka ule wa asili usiotumika, si ule uliolika. Nakala ya ufunguo mbaya ni mbaya zaidi. Na kama ufunguo una namba, iandikwe katika daftari leo.

Kreyo ya pikipiki yetu iko katika droo ya sekretariati, imefungwa pamoja na ufunguo kwa uzi mwekundu. Mtu aliyeichukua juma lililopita kwa kuchorea kroki ya biolojia airudishe.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita