Kupe wa Mbwa: Wengi Wao Wamo Ukutani

Katika makazi mengi ya wilaya hii mbwa ndiye mlinzi wa kwanza wa nyumba, wa zizi na wa shamba la mahindi. Mwenye nyumba anapomkuta mlinzi huyo ana kupe wanne au watano masikioni, huwang'oa, akawasaga kwa kisigino na kuhesabu kazi imekwisha. Baada ya wiki chache kupe huwa wamerudi, na lawama huangukia mbwa wa jirani. Mara nyingi jirani hana kosa lolote. Kupe hao walikuwa ndani ya ua uleule muda wote, ila hawakuwa juu ya mbwa.

Mfugaji wa ng'ombe amezoea kupe wa malishoni, anayesubiri kwenye nyasi. Kupe wa kahawia wa mbwa ana tabia nyingine. Huyu hupenda majengo. Jike hunyonya damu kwa muda wa wiki moja hivi, akavimba na kuwa wa kijivu hadi akafanana na mbegu ya mbarika, kisha hujiachia na kuanguka. Hupanda ukutani akitafuta ufa, chini ya boriti au nyuma ya lipu iliyobanduka, na humo hutaga mayai yanayoweza kufikia 4,000. Akimaliza kutaga hufa. Mayai yakianguliwa hutoka kupe wadogo kuliko punje ya ulezi, wenye miguu 6, nao humrudia mbwa. Wakishiba huanguka tena, hujificha, hujivua ngozi na kupata miguu 8, kisha huanza upya. Kwa hiyo katika maisha yake yote kupe huyu humpanda mbwa mara tatu tu, kila mara kwa siku chache, na muda wote uliobaki huishi kwenye nyufa. Kwenye joto la kutosha mzunguko mzima huweza kukamilika kwa miezi miwili hivi, na kupe mkubwa huvumilia miezi mingi bila kula.

Hii ndiyo sababu kumsafisha mbwa peke yake hakutoshi. Anayewaona watano mwilini mwa mbwa achukulie kwamba walio bandani ni wengi zaidi ya hao.

Kazi basi ianzie mahali mbwa analala. Magunia na matambara yake yachomwe moto au yachemshwe. Banda lifagiliwe hadi pembeni na takataka zichomwe, zisitupwe jalalani. Nyufa za ukuta zizibwe kwa udongo au lipu, na zile zisizozibika zinyunyiziwe dawa ya kuua kupe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mbwa na watoto wakiwa mbali hadi pakauke. Unyunyiziaji urudiwe baada ya wiki kadhaa, kwa kuwa mayai yaliyosalimika mara ya kwanza huendelea kuanguliwa. Wapo wanaotegemea kuku wa kienyeji, na ni kweli kwamba kuku hudonoa kupe. Lakini kuku hafiki kwenye boriti.

Hasara anayoleta kupe haiishii kwenye damu anayonyonya, ingawa kwa mtoto wa mbwa mwenye kupe wengi damu hiyo pekee inaweza kuwa kifo. Mate yake hubeba magonjwa. Mojawapo husababishwa na bakteria wanaoitwa Ehrlichia, ambao hushambulia chembe nyeupe za damu na kupunguza chembe zinazogandisha damu. Mbwa hupata homa, huacha kula, hukonda, na baadhi hutokwa na damu puani bila kuumia. Mwingine ni babesia, unaovunja chembe nyekundu. Fizi hupauka na mkojo huweza kuwa na rangi ya chai kavu. Wafugaji wa ng'ombe wanamfahamu ndugu wa ugonjwa huu kwa dalili ya kukojoa damu. Dalili huanza kuonekana wiki moja hadi tatu baada ya kuumwa, wakati kupe mwenyewe ameshasahaulika, na ndiyo maana wengi husema mbwa amelishwa sumu. Magonjwa yote mawili yana tiba yakiwahiwa. Dawa zake ni tofauti, hivyo anayepaswa kuamua ni mtaalamu wa mifugo. Sindano iliyobaki baada ya kutibu ng'ombe haimfai mbwa kwa kukisia.

Suala la dawa za kuogeshea linahitaji maneno zaidi, maana hapa ndipo mbwa wengi hudhurika kwa mikono ya wanaowapenda. Dawa ya josho imepimwa kwa ajili ya ng'ombe. Mbwa ana mwili mdogo na hujilamba, kwa hiyo kinachobaki kwenye manyoya huishia tumboni. Baadhi ya dawa za ng'ombe hazifai kabisa kwa mbwa, na hata zile zinazofaa huhitaji kuchanganywa kwa kipimo chake. Kabla ya kununua, mwenye mbwa amwulize Afisa Mifugo wa Kata au muuzaji wa duka la pembejeo aliyesomea kazi hiyo, ataje umri na uzito wa mbwa, na asome kibandiko kuona kama mbwa ametajwa. Oili chafu ya gari na mafuta ya taa visipakwe kamwe: huunguza ngozi, na mbwa akivilamba hupata sumu. Nyumba yenye paka iwe na tahadhari ya ziada, kwa sababu pemethrini, ambayo mbwa huistahimili, inaweza kumwua paka.

Kwa wenye uwezo, yapo matone ya kudondosha shingoni, mikanda yenye dawa, na vidonge ambavyo kimoja humkinga mbwa kwa mwezi mmoja na vingine hadi wiki 12. Bei yake si ya kila mtu. Vidole, hata hivyo, ni vya bure: mbwa apapaswe kila jioni kama mtu achambuavyo mchele, ndani na nyuma ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, kwapani, kwenye kinena, chini ya mkia na kati ya vidole vya miguu. Sehemu hii ya mwisho husahaulika kuliko zote. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa nayo ni nafasi nzuri ya kumwonyesha mtaalamu hali ya ngozi ya mbwa.

Namna ya kumtoa kupe

Kupe huchoma mdomo wake ndani ya ngozi na kuushikiza, ndiyo maana hatoki kwa kupanguswa. Njiti ya kiberiti, sigara, mafuta na chumvi havifai. Kupe anayeteswa huweza kutema zaidi mate yenye vimelea ndani ya jeraha, na manyoya huungua bure. Inayotakiwa ni kibano chenye ncha nyembamba. Kupe abanwe karibu kabisa na ngozi, upande wa kichwa, si tumboni, kisha avutwe taratibu na moja kwa moja bila kuzungushwa hadi aachie. Asiye na kibano avae glavu au afunge vidole kwa mfuko safi wa plastiki. Kipande cha mdomo kikibaki, kisichimbuliwe kwa sindano. Jeraha lisafishwe na ngozi itakitoa yenyewe. Kupe asipasuliwe kwa kucha. Atumbukizwe kwenye kichupa chenye spiriti na kufunikwa. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji, kisha lipakwe dawa ya kuua vijidudu, na mikono ioshwe pia. Tarehe iandikwe mahali, hata kwenye kalenda ya ukutani.

Anapoumwa binadamu

Kupe wa kahawia humpendelea mbwa, lakini akikosa mbwa au akiwa na njaa humpanda mtu, na watoto wanaolala au kucheza na mbwa ndio wa kwanza kufikiwa. Humtoa kwa njia ileile. Baada ya hapo ngozi na joto la mwili viangaliwe kwa wiki mbili hadi tatu. Homa ya kuumwa na kupe huja na maumivu makali ya kichwa, mitoki, pengine vipele, na mara nyingi kidonda kidogo chenye gamba jeusi pale kupe aliponyonya. Kidonda hicho huwa hakiumi sana, na kikiwa nyuma ya goti au kwenye nywele mgonjwa hakioni.

Ipo pia homa ya papasi, nayo huenezwa na kupe wa aina nyingine kabisa. Papasi huishi kwenye sakafu na nyufa za nyumba za udongo, hutoka usiku, hunyonya kwa dakika chache na kurudi shimoni kabla mtu hajaamka. Asubuhi hakuna kupe wa kuonyesha. Homa hukaa siku kadhaa, hupoa, kisha hurudi, na ni ya hatari hasa kwa wajawazito na watoto wachanga. Mvumi, mkoani Dodoma, utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa kunyunyizia dawa nyumba zenye papasi kulipunguza homa hiyo kwa watoto wa chini ya miaka 5. Huko nako kazi ilifanyika kwenye ukuta na sakafu.

Homa zote hizi zinatibika kwa dawa zinazoandikwa na mtabibu, lakini mwanzoni hufanana mno na malaria. Mgonjwa ambaye kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, na homa haijatoka, arudi zahanati aeleze kwamba nyumbani kuna mbwa mwenye kupe, au kwamba analala kwenye nyumba yenye papasi, na aonyeshe kidonda cheusi kama kipo. Kile kichupa chenye kupe na tarehe iliyoandikwa kwenye kalenda aende navyo.