Wimbo wa Bure Unavyokula Bando

Kwenye kijiwe cha bodaboda karibu na hospitali ya rufaa ya mkoa, hapa Mandewa, Singida, yupo kijana anayesikiliza singeli YouTube huku simu iko mfukoni mwa shati. Video haitazami, anachotaka ni sauti. Saa nane mchana bando limekata, anaanza kuwaomba wenzake wamrushie. Muulize anatumia shilingi ngapi kwa muziki. Atakwambia yeye hanunui, anasikiliza bure.

Tupige hesabu basi. Tuseme GB 1 umeinunua kwa shilingi 2,000 (wewe weka bei ya mtandao wako). MB 1 inakuwa shilingi 2. Wimbo wa dakika 4 kwa kiwango cha kawaida cha Spotify, kilobiti 96 kwa sekunde, unakula karibu MB 3, yaani shilingi 6. Video ya wimbo huohuo ikipita kwa megabiti 1 kwa sekunde inakula MB 30, shilingi 60. Nyimbo 20 kwa siku ni shilingi 1,200. Kwa mwezi ni 36,000, na msanii wa singeli hajui hata kama kuna mtu Singida amezitoa.

Kwa hiyo kabla hujatafuta duka la muziki la bei nafuu, achana na video. Ingia kwenye mipangilio ya programu unayotumia, ushushe ubora wa sauti. Kiwango cha chini kabisa cha Spotify ni kilobiti 24, robo ya kile cha kawaida. Mwenye sabufa nyumbani atalalamika, ila kwa spika ya pikipiki kwenye vumbi la barabarani sidhani kama kuna anayesikia tofauti.

Nafuu kubwa zaidi ni kupakua. Nyimbo zilezile 20, ukizipakua mara moja kwa kiwango hicho cha kawaida, zinakula bando la shilingi 120, na utazirudia mwaka mzima bila kugusa salio. Mdundo, kampuni iliyoanzia Kenya, inakuruhusu kupakua MP3 bila malipo na kihalali. Gharama yake ni tangazo linaloingia kwenye wimbo. Mimi tangazo nalivumilia. Mama watoto halivumilii.

Asiyetaka matangazo atalipia kifurushi: Boomplay, Apple Music iliyofika Tanzania mwaka 2020, au Spotify iliyofuata Februari 2021. Palipo na kifurushi cha siku na cha mwezi, zidisha cha siku kwa 30 kwanza. Vitu vidogo vidogo ndivyo vinavyomaliza mfuko. Mkiwa wengi nyumbani, ulizeni cha familia, maana kile cha Spotify hubeba watu 6 wanaoishi pamoja. Ila fahamu kwamba hapo umekodi, hujanunua. Nyimbo ulizohifadhi Spotify zinataka simu iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, na ukiacha kulipa huwezi tena kuzicheza bila intaneti.

Kununua kwenyewe, faili likawa lako, siku hizi kunapatikana zaidi kwenye tovuti ya Bandcamp. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, iliyotoa mkusanyiko wa singeli Sounds of Sisso mwaka 2017, inauzia huko. Baadhi ya wasanii wanakuachia utaje bei mwenyewe, wengine wanaruhusu hata sifuri. Tatizo ni malipo: wanataka kadi au PayPal. Ukitumia kadi pepe ya pochi ya simu, angalia kwanza makato na bei ya dola utakayobadilishiwa, kisha nunua albamu nzima kwa mara moja badala ya wimbo mmoja mmoja, kwa kuwa makato mengine hayaangalii udogo wa kiasi.

Kuna na vibanda vya kujaziwa nyimbo kwenye memori kadi. Najua, ndiyo njia rahisi kuliko zote, lakini kunakili na kuuza kazi ya mtu bila idhini kunakatazwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Tena kadi inayozunguka kompyuta za watu huweza kurudi na virusi.

Mwisho, angalia miito ya simu. Mimi niliwahi kukatwa salio kidogo kidogo kwa wimbo wanaousikia wanaonipigia, ambao mwenyewe siusikii. Fungua menyu ya mtandao wako, tafuta huduma ulizounganishwa, jiondoe kwenye usizozihitaji. Fedha hiyo inunulie flashi ya GB 8: inabeba nyimbo 2,000 hivi za kilobiti 128, na ukihifadhi nakala nyingine kwa ndugu, hata simu ikizama kwenye ziwa Singidani muziki umebaki.