Dondoo Muhimu: Ukimkuta Mbwa Mgonjwa Mtaani

• Mtazame kwa mbali kwanza. Akitokwa na udenda, akiyumba au akiuma ovyo, huenda ana kichaa cha mbwa. Usimguse, waondoe watoto, kisha mpe taarifa sheha au daktari wa mifugo.

• Akiwa mtulivu, mwekee maji kwenye kifuu, kivulini, urudi nyuma. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba, basi mwachie njia ya kutokea.

• Usimpe panado wala dawa nyingine ya binadamu, zinaweza kumuua.

• Piga picha, andika mtaa na saa, kisha wasiliana na ZAASO, jumuiya inayotibu wanyama hapa Unguja.

• Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo, kama Mnazi Mmoja, kwa chanjo. Dalili zikishaanza, kichaa cha mbwa karibu daima huua.

• Muislamu, unahofia najisi? Mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Twahara isikuzuie kumsaidia: kumnywesha mbwa mwenye kiu ni thawabu.