Zaka ya Subaru: gari likishuka bei, tunahesabu nini?



Ndugu msomaji, ukurasa huu wa fiqhi naufungua kwa kosa langu mwenyewe. Ramadhani iliyopita nilikuwa nyumbani Dranya. Baada ya futari, mjomba wangu anayeuza magari Arua aliniuliza mbele ya watu wote waliokuwa mkekani: "Shehe mdogo, nina magari matatu uwanjani na mwaka umetimia. Zaka yake ni ngapi?" Nikajibu haraka, kama mtu aliyemaliza vitabu vyote: "Jumlisha pesa ulizonunulia, utoe asilimia 2.5." Akacheka. "Mwanangu, ile Subaru imenitoka milioni 40. Leo hakuna mtu Arua wala Koboko atakayenipa 30. Nitoe zaka ya pesa iliyokwisha kupotea?"

Sikuwa na jibu. Binamu yangu anayesoma biashara akaingilia: kila gari likatwe sehemu moja ya tano kwa mwaka, kama wanavyofanya kwenye hesabu za kampuni, kisha itolewe zaka ya kinachobaki. Lilisikika kama jibu la kisomi kuliko langu. Usiku ule nilirudi kwenye vitabu, nikakuta kwamba sote wawili tumekosea, na kosa la kila mmoja lilikuwa na mtu wa kuliumia.

Kwanza tutenganishe magari mawili. Gari unalolitumia mwenyewe, hata likiwa la bei kubwa namna gani, halina zaka. Abu Huraira (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa Mwislamu hadaiwi zaka kwa farasi wake, na wanazuoni wamevipima vipando vyetu vya leo kwa farasi huyo. Gari lililonunuliwa ili liuzwe ni jambo lingine, hilo ni bidhaa. Ibn Hazm na Madhahiri walikataa zaka ya bidhaa, lakini jamhuri ya wanazuoni wanaiwajibisha. Miongoni mwa hoja zao ni kisa cha Himas, aliyekuwa akiuza ngozi na podo za mishale. Sayyidna Umar (r.a.) alimwamuru atoe zaka ya mali yake. Himas akasema hana mali zaidi ya hizo ngozi na podo. Umar akamtaka azikadirie thamani, kisha atoe.

Tazama neno hilo, kukadiria. Himas hakuulizwa alinunua kwa ngapi, wala hakupewa jedwali la kupunguza kila mwaka. Kinachohesabiwa ni thamani ya bidhaa sokoni siku haul inapotimia, ikiwa imefika nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, au gramu 595 za fedha kwa wanaopima kwa fedha.

Lakini utakadiriaje kitu usichojua kwa nini kimeshuka? Nikafuatana na mjomba mpaka uwanjani kwake Arua.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX, la turbo. Jina lake limejengwa na mashindano. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya kwa Impreza, na hadi leo vijana wa kwetu wakisikia mlio wa ekzosi ile husimama kuangalia. Kuangalia ni bure. Kununua ndiyo shida. Premio au Hiace ina wanunuzi wengi, kuanzia mwalimu na mwenye duka hadi dereva wa abiria. Gari la mbio humngojea kijana mwenye pesa, na vijana wa namna hiyo kwetu wanahesabika. Linakunywa petroli. Turbo ikifa, kuirudisha ni gharama ambayo mwenye Premio haijui. Tena liko chini. Ukiacha lami ya Koboko ukaingia njia za udongo za kwetu Dranya, linaburuza tumbo. Juu ya hayo mnunuzi hamwamini aliyelimiliki kabla yake, kwa kuwa gari la kukimbia bila shaka limekimbizwa.

Nilidhani mipaka ingesaidia, maana Koboko inapakana na Congo na Sudan Kusini. Mjomba alitikisa kichwa. Huko wanaendesha upande wa kulia wa barabara, na usukani unaowafaa uko kushoto. Subaru ya Japani usukani wake uko kulia. Soko unaloliona karibu kwenye ramani si lake.

Kushuka kwenyewe kulianza zamani, Japani. Huko gari jipya la kawaida hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi una gharama, hivyo wengi huuza kabla siku haijafika. Bei hiyo iliyoshuka ndiyo inayotuvutia. Kisha unaongeza meli, safari ya kutoka Mombasa, ushuru, na tozo ya mazingira kwa magari makuukuu. Yote hayo yalitoka mfukoni mwa mjomba mara moja, na mteja hayaulizi. Anauliza mwaka wa kutengenezwa, hasa tangu sheria ya 2018 iliyokataza kuingiza nchini magari yenye miaka 15 au zaidi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonitia hofu. Nilipomuuliza mjomba thamani ya Subaru kwa ajili ya zaka, alipiga teke tairi akasema, "Hii hata milioni 22 haifiki." Haikupita nusu saa akaja mteja. "Hii, ndugu yangu, ni 34, na ni kwa sababu ni wewe." Gari lile lile, mchana ule ule. Nilimtazama mjomba, mjomba akatazama tairi.

Ndugu zangu, sikumwona kuwa mwovu. Huyu ni mtu ambaye wajane kadhaa wa Dranya humngojea kila Ramadhani, na hajawahi kuwapita. Ila kila mfanyabiashara ana bei ya kutamani na bei ya kulalamikia, na zaka haichukui hata moja kati ya hizo. Inachukua bei ambayo gari lingeuzwa siku hiyo kwa mauzo ya kawaida, bila muuzaji kubanwa na shida. Tukawapigia simu wauzaji watatu bila kuwaambia ni gari la nani. Tukataja mwaka, kilomita, na kwamba giaboksi ilifunguliwa ikatengenezwa. Mmoja akasema milioni 25, wa pili 27, wa tatu 26. Tukashika 26.

Hiyo giaboksi ilileta mjadala wake. Mjomba alikuwa tayari kuitaja kwenye simu kwa kuwa inateremsha zaka, lakini yule mteja wa asubuhi hakuwa ameambiwa. Nikamkumbusha kisa cha Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu umefichwa chini, akamkemea muuzaji. Kasoro ikiwa halali kuitaja kwa kupunguza haki ya maskini, haiwezi kuwa siri mbele ya mnunuzi. Alinyamaza kidogo, kisha akachukua simu akampigia yule mteja. Mteja hakurudi.

Magari mengine mawili hayakuchukua muda. Hiace ilinunuliwa milioni 45 na sasa inauzika kwa 52. Premio ilikuwa 28, sasa ni 27. Kwa jibu langu la kwanza jumla ni milioni 113, na zaka yake shilingi 2,825,000. Kwa njia ya binamu ni milioni 90.4, na zaka ni 2,260,000. Kwa bei ya soko ni milioni 105, zaka 2,625,000. Mimi nilikuwa namdhulumu mjomba 200,000, na binamu alikuwa anawanyima wajane 365,000. Nyote mliozoea kusema tofauti ni ndogo, muulizeni mjane mwenye watoto shuleni. (Binamu amenituma niongeze kwamba mwalimu wake amemsahihisha: hata katika uhasibu, ukatwaji ule wa kila mwaka ni wa mali unayoitumia, si bidhaa unayoiuza.)

Palibaki swali la nia. Mjomba huja Dranya na Subaru ile karibu kila wiki, na imebeba bibi harusi zaidi ya mmoja. Je, bado ni bidhaa? Nilimuuliza: akija mtu sasa na milioni 26 mkononi, utampa ufunguo? "Leo hii," akasema. Basi ni bidhaa, na kuipasha moto injini hakuitoi kwenye biashara. Angeamua kwa dhati kuifanya yake, nia peke yake ingetosha kuitoa. Kurudi ni kugumu zaidi: kwa kauli mashuhuri ya madhehebu manne, kilichokuwa cha matumizi hakiwi bidhaa kwa nia tupu. Kwa hiyo atakayeigeuza gari kuwa "yangu" tarehe 28 Shaabani na kuirudisha uwanjani Shawwal, hesabu yake na Allah (s.w.) haiko kwenye kalamu yangu.

Yapo magari ya mbio yanayopanda. Ferrari 250 GTO zilitengenezwa 36 tu, na moja iliuzwa mnada New York mwaka 2023 kwa zaidi ya dola milioni 51. Anayenunua gari kama hilo na kulificha akingoja soko, Imam Malik angemwita muhtakir, naye hutoa zaka ya mwaka mmoja anapouza, hata kama amelishika miaka kumi. Kwa jamhuri, hutoa kila mwaka kwa thamani ya mwaka huo. Mjomba alipolisikia hilo akauliza kama Subaru yake nayo haiwezi kuingia kwa Imam Malik. Nikamwambia yeye huuza na kununua mwaka mzima, hangoji soko. Huyo hata kwa Malik hukadiria kila mwaka.

Zaka ilitolewa usiku wa 27. Subaru bado iko uwanjani, na wiki iliyopita mjomba alinipigia simu: kuna mtu ametaja 24. Wallahu a'lam.