Kifua Kikuu na Vumbi la Mawe Katika Miji ya Dhahabu

Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Geita, uliokuwa ndiyo kwanza umeundwa kutokana na sehemu za mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera, ukiwa na watu takriban milioni 1.74. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu karibu milioni 2.98. Uzazi katika ukanda huu ni wa juu, lakini hautoshi kueleza ongezeko la namna hiyo ndani ya miaka 10. Watu wamehamia, na wengi wao wamefuata dhahabu.

Uhamiaji huo una historia ndefu. Mgodi wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi 1966, kisha ukafunguliwa upya mwaka 2000 kwa mitambo mikubwa. Upande wa Shinyanga, almasi ya Mwadui ilivuta vibarua tangu mwaka 1940; Bulyanhulu ikafuata mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009, ambao ulifungwa mwaka 2021. Hata hivyo, anayetaka kuelewa afya ya miji hii asitazame migodi mikubwa tu. Mchimbaji mdogo ndiye anayehama zaidi. Leo yuko Nyarugusu au Mgusu. Kesho husikia kwamba Kahama kumetokea rashi, na kabla jua halijazama amekwisha kukunja turubai lake. Wengine hurudi nyumbani mvua zinapoanza, wakalima mpunga au pamba, kisha wakarejea machimboni baada ya mavuno. Mtu wa namna hii si mkazi wala si mgeni, na zahanati nyingi hazina safu ya kumwandika.

Matibabu ya kifua kikuu, kinyume chake, yamejengwa juu ya mtu anayekaa. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6: miezi 2 ya dawa 4 kwa pamoja, kisha miezi 4 ya dawa 2. Dawa hutolewa bure katika vituo vya umma. Mgonjwa huwa na msaidizi wa matibabu, ambaye ni ndugu au jirani anayemshuhudia akimeza dawa kila siku. Makohozi hupimwa tena ili kuthibitisha kwamba vimelea vinakufa. Utaratibu huu ni mzuri, na umeokoa maisha ya watu wengi, ila unachukulia kwamba ndugu yupo na jirani wa leo atakuwa jirani wa mwezi wa tano.

Mfano ufuatao umetungwa, lakini wahudumu wengi wa ukanda huu watamtambua mhusika wake. Kijana wa miaka 27 kutoka Maswa anafika Geita baada ya mavuno. Anapewa zamu katika duara, na malipo yake ni mgawo wa mawe. Analala na wenzake 6 katika kibanda kimoja cha turubai. Baada ya miezi kadhaa anaanza kukohoa, kutokwa jasho usiku na kukonda. Anapimwa, anakutwa na kifua kikuu, anaanza dawa. Kufikia wiki ya saba homa imekwisha, hamu ya kula imerudi, na mikono inashika tena sururu. Hapo ndipo habari za rashi zinapofika. Anaondoka na dawa za siku 5 mfukoni. Kadi yake imebaki kwa mama lishe aliyekuwa akimtunzia vitu. Katika kituo kipya anaogopa kuulizwa kwa nini alikatiza dawa, hivyo haendi. Miezi 4 baadaye anatema damu, na safari hii vimelea havisikii rifampisini. Wakati huo amekwisha kwenda Maswa mara mbili kuwasalimu wazazi, na amelala chumba kimoja na watoto wa kaka yake.

Rejesta ya kituo cha kwanza itasema kwamba mgonjwa huyo amepotea. Kwa kweli hakupotea: alijua alipo, na wenzake walijua. Kituo ndicho hakikujua. Neno “mtoro”, ambalo bado husikika katika baadhi ya vyumba vya dawa, ni neno la shule na polisi, na halina kazi katika tiba. Mgonjwa anayelitarajia hawezi kurudi.

Swali linaloweza kubadili mwenendo wa hadithi hii huulizwa siku ya kwanza, dawa zinapoanza. “Kaka, kazi ikiisha hapa, utaelekea wapi?” Liulizwe kwa sauti ya kawaida, kama watu wanavyoulizana safari, na jibu liandikwe. Ziandikwe pia namba 2 za simu mbali na ya mgonjwa mwenyewe: moja ya mtu wa nyumbani kwao, ambaye hahamihami, na nyingine ya mwenye duara au kiongozi wa kundi, endapo mgonjwa ameridhia. Mgonjwa aelezwe wazi kwamba kuhama si kosa, na kwamba akitoa taarifa kabla ya kuondoka ataandikiwa uhamisho na kupewa dawa za kumfikisha kituo kingine. Kama ameondoka bila taarifa, bado aende kituo chochote cha umma kilicho karibu na kusema: “Nilikuwa natumia dawa za kifua kikuu, nimeishiwa.” Picha ya kadi iliyopigwa kwa simu humsaidia mhudumu anayempokea kujua tarehe ya kuanza, aina ya dawa na namba ya usajili. Ushauri huo unawahusu pia wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ambao kadi yao ya kliniki ya tiba na matunzo isafiri nao kama inavyosafiri simu.

Liko swali la pili, na hili husahaulika zaidi: mgonjwa amefanya kazi gani maishani mwake, na wapi? Dhahabu ya ukanda huu hukaa sana ndani ya jiwe gumu jeupe liitwalo kwatzi. Jiwe hilo likichorongwa, likigongwa kwa nyundo au likisagwa kavu kwenye karasha, hutoa vumbi la silika. Chembe zinazodhuru ni zile ndogo zisizoonekana kwa macho. Hupita pua na koo hadi ndani kabisa ya mapafu, na mwili hauwezi kuziondoa. Mapafu hujenga makovu kuzizunguka. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi, ingawa vumbi likiwa zito muda hufupika sana. Hauna dawa ya kuuponya, na unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha machimbo. Kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii chembe hizo. Kulilowesha jiwe kwa maji kabla ya kuligonga na wakati wa kuchoronga hupunguza vumbi kwa kiasi kikubwa, na hakuhitaji fedha nyingi, ila mahali ambapo maji hununuliwa kwa dumu ushauri huo nao una gharama yake.

Vumbi hilo halichagui jinsia. Wanawake wanaogonga mawe, mara nyingi na mtoto mchanga mgongoni, hawashuki duarani, na akiulizwa kama ni mchimbaji mama wa namna hiyo atajibu kwa ukweli kwamba siye. Ndiyo maana aulizwe kazi anayoifanya kwa mikono yake, siyo jina la kazi hiyo.

Silikosisi na kifua kikuu hufanana na kuandamana. Mwenye silikosisi hupata kifua kikuu takriban mara 3 zaidi ya asiye nayo, na tafiti za wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini zilionyesha kwamba VVU vikiongezwa hapo hatari hizo hazijumlishwi, huzidishana. Wakati huohuo, makovu ya silika katika picha ya eksirei yanaweza kudhaniwa kuwa kifua kikuu. Matokeo yake ni mgonjwa anayepewa dawa za kifua kikuu mara ya pili na ya tatu ilhali makohozi yake hayaonyeshi vimelea, naye bado anapumua kwa shida. Mhudumu akikutana na historia hiyo, asiongeze duru nyingine kabla ya kuuliza habari za vumbi na kumpa rufaa kwa daktari wa mapafu. Kosa la upande wa pili lipo pia: kuamua kwamba kikohozi cha mchimbaji ni vumbi tu, na kuacha kupima makohozi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba watu wanaofanya kazi penye vumbi la silika wachunguzwe kifua kikuu kwa utaratibu, hata kabla hawajalalamika.

Afrika Kusini inatajwa hapa kwa sababu ilitangulia katika njia hii. Mwaka 1913 nchi hiyo ilisimamisha kuandikisha vibarua wa migodi kutoka kaskazini ya latitudo 22, kwa kuwa walikuwa wakifa kwa wingi, hasa kwa nimonia. Katuni ya marufuku hiyo iliondolewa katika miaka ya 1930, na Watanganyika wengi, hasa wa nyanda za kusini, walikwenda kwa jina la Wenela hadi Tanganyika huru iliposimamisha safari hizo. Waliougua walirudishwa makwao, na kifua kikuu kikaenda nao vijijini ambako hakukuwa na mganga wa kukitambua. Mwezi Agosti 2012 wakuu wa nchi za SADC, Tanzania ikiwemo, walitia saini mjini Maputo azimio kuhusu kifua kikuu katika sekta ya madini, wakikiri kwamba ugonjwa huo hauwezi kudhibitiwa na nchi moja moja.

Mwajiriwa wa kampuni anayepata silikosisi anaweza kudai haki yake katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008. Mchimbaji anayelipwa kwa mgawo wa mawe hana mkataba wala mwajiri wa kumtaja. Anapochoka hurudi kwao, na jina la machimbo halifuatani naye. Kwa hiyo muuguzi wa zahanati ya Meatu au Kasulu, mbali kabisa na dhahabu, anapompokea mzee wa miaka 50 anayehema baada ya kupanda kilima kidogo, amwulize kwa heshima: “Baba, ujanani ulipata kufika machimboni?” Akijibu kwamba alikaa Rwamgasa miaka 8, makohozi yake yapimwe siku hiyohiyo.