Njia ya nani? Maneno ya njia za baiskeli katika vilima vya Uingereza

Katika masomo ya tafsiri tumezoea kuogopa maneno magumu. Maandishi yanayowaongoza waendesha baiskeli wa milimani huko Uingereza yanatufundisha kuogopa upande mwingine. Majina ya vipuri, breki na matairi, fundi yeyote atakuambia. Neno jepesi kuliko yote, yaani "njia", ndilo linalomwangusha mtafsiri. Pale tunapotosheka na neno moja, Waingereza wana maneno kadhaa, na tofauti kati yao haitokani na upana wala udongo. Inatokana na sheria. Njia mbili zinaweza kufanana kabisa, zote zina matope, zote zinapita kati ya malisho ya kondoo, na baiskeli ikaruhusiwa katika moja na kukatazwa katika nyingine. Mtafsiri anayeziita zote "njia" anampeleka msomaji wake ndani ya shamba la mtu.

Uingereza ninayoizungumzia ni England peke yake. Kiswahili hutumia mara nyingi jina hilo hilo kwa dola nzima, jambo ambalo hapa lingetupotosha, kwa sababu Uskoti ina sheria yake ya ardhi ya mwaka 2003, inayomruhusu mwenye baiskeli kupita karibu popote mradi apite kwa adabu.

Sehemu kubwa ya mashamba na vilima vya England ni mali ya watu binafsi. Hata hivyo, juu ya ardhi hiyo zinapita njia ambazo umma una haki nazo, na mwenye ardhi hawezi kuzifunga apendavyo. Sheria ya mwaka 1949 iliziagiza halmashauri za kaunti kuziandika katika ramani rasmi, kila moja na aina yake. Aina ya kwanza ni "footpath", kwa wanaokwenda kwa miguu. Mshale wake ni wa njano. Ya pili ni "bridleway", ambayo jina lake limetoka kwenye hatamu ya farasi. Mshale ni wa bluu. Ya tatu hupokea pia vyombo visivyo na injini, mshale wa zambarau. Ya nne iko wazi kwa wote hata magari, mshale mwekundu. Mwenye baiskeli ana haki katika bluu, zambarau na nyekundu. Lakini njia nyingi ni za njano, na ukijumlisha zote zinazomruhusu mwendesha baiskeli hazifiki robo ya mtandao mzima.

Kwa nini baiskeli ipite kwenye njia ya farasi, na isipite kwenye njia ya miguu? Jibu liko katika historia ya neno moja. Baiskeli ilipoenea katika karne ya 19, sheria haikuwa na jina lake. Mtu mmoja alishtakiwa kwa kuiendesha kwa kasi ya kutisha, na sheria iliyokuwepo, ya mwaka 1835, ilikataza kuendesha "carriage" namna hiyo, yaani gari la kukokotwa. Je, baiskeli ni gari? Mwaka 1879, katika kesi ya Taylor na Goodwin, mahakama ilijibu kwamba ndiyo. Mwaka 1888 Bunge likaliandika jambo hilo waziwazi.

Kuitwa gari kuliipa baiskeli nafasi barabarani, lakini kuliifungia mlango kwenye njia za farasi, kwa maana magari hayakuwa na haki ya kupita huko. Hali hiyo ilidumu miaka 80. Ndipo sheria ya mashambani ya mwaka 1968, kifungu cha 30, ikawapa waendesha baiskeli haki ya kutumia "bridleway", kwa sharti kwamba wawapishe wanaokwenda kwa miguu na wapanda farasi. Tazama tarehe hiyo vizuri. Baiskeli ya milimani kama tunavyoijua ilizaliwa California katika miaka ya 1970. Kwa hiyo waliotunga sheria hawakuuwazia mchezo huu hata kidogo, nao umejengwa England juu ya haki za farasi.

Jambo hilo linaonekana wazi katika milima ya Pennine, kaskazini. Zamani bidhaa zilivushwa huko kwa misururu ya farasi wa mizigo, na madaraja yao ya mawe bado yapo: membamba, yenye kingo fupi ili mizigo ya ubavuni isikwaruzwe. Mwaka 1986 mpanda farasi aliyeitwa Mary Towneley alisafiri juu ya farasi kutoka Northumberland hadi Derbyshire ili kuonyesha jinsi njia za farasi zilivyoachwa ziharibike. Safari yake ilichangia kuzaliwa kwa Pennine Bridleway, njia ya zaidi ya kilomita 300. Yeye alifariki mwaka 2001; mwaka uliofuata ukafunguliwa mzunguko wenye jina lake, kama kilomita 75, kwenye mpaka wa Lancashire na Yorkshire. Leo waendesha baiskeli wa milimani wanaujua mzunguko huo vizuri sana. Sidhani wengi wao hufikiri kwamba wanapita kwenye matunda ya kazi ya mpanda farasi, lakini jina la njia linawaambia hivyo kila siku.

Tushuke kusini, ambako kosa la tafsiri linaweza kuleta hatari ya kweli. South Downs Way inatoka Winchester hadi Eastbourne, kilomita 160, juu ya vilima vya mwamba wa chaki vinavyoteleza sana baada ya mvua. Mwanafunzi wa Kiingereza akiona "Downs" atafikiri kuna mteremko. Kumbe neno hili limetoka kwenye Kiingereza cha kale, "dun", maana yake kilima. Lakini mtego mkubwa uko mwishoni mwa safari. Ikikaribia Eastbourne, njia inagawanyika chini ya jina lile lile. Tawi la waenda kwa miguu linafuata magenge ya bahari ya Seven Sisters hadi Beachy Head. Tawi la farasi na baiskeli linapita ndani, kutoka Alfriston kupitia Jevington. Mwongozo unaosema tu "fuata njia mpaka Eastbourne" unamwacha mwenye baiskeli achague mwenyewe, na chaguo moja liko ukingoni mwa genge.

Neno "park" nalo si rahisi. Kwa msomaji wa Kongo, parki ni Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925: mipaka, walinzi, wanyama, na watu nje. Kwa Waingereza neno hili lilianza karibu hivyo, uwanja uliozungushiwa uzio ili tajiri awinde kulungu wake. Mfalme Charles I aliizungushia ukuta Richmond Park mwaka 1637. Miaka mia na zaidi baadaye, mwaka 1758, mtengeneza pombe aitwaye John Lewis alishinda kesi dhidi ya mlinzi wa lango aliyemzuia, na ngazi zikawekwa ukutani ili watu wapite tena kwa miguu. Kulungu zaidi ya 600 bado wapo, na mwenye baiskeli anayetaka kuacha lami anaruhusiwa hasa kwenye njia moja inayozunguka hifadhi, Tamsin Trail. Kumbe "national park", kama Peak District ya mwaka 1951, ni kitu kingine: ndani yake kuna vijiji, mashamba na shule, na ardhi kwa sehemu kubwa ina wenyewe. Kuingia humo hakumpi mwenye baiskeli haki mpya yoyote. Bado atatafuta mshale wa bluu.

"Forest" pia hudanganya. Asili yake ni eneo la sheria za uwindaji za mfalme, na Forest of Bowland kwa sehemu kubwa ni vilima vitupu bila miti. Eneo la namna hiyo likiwa la bwana mwingine liliitwa "chase", ndiyo maana ya jina Cannock Chase, karibu na Birmingham, ambako mashindano ya baiskeli za milimani ya Michezo ya Jumuiya ya Madola yalifanyika mwaka 2022. Huko kuna njia zilizochimbwa kwa ajili ya baiskeli, na hapo rangi zinabadilisha maana: kijani ni rahisi, bluu ni ya wastani, nyekundu ni ngumu, nyeusi ni kali. Bluu ya Cannock inazungumzia ugumu, bluu ya mshale wa mashambani inazungumzia haki. Tunaposoma kuhusu maneno yenye maana nyingi huwa tunasahau kwamba hata rangi ni alama ya lugha.

Sasa tutafsirije? Wengi wangeandika "kijia" kwa "footpath". Nalikataa neno hilo, kwa sababu kiambishi ki- kinataja udogo, na udogo hauhusiki. "Njia ya waenda kwa miguu" ni ndefu, lakini inataja mwenye haki. Kwa "bridleway", "njia ya hatamu" ni tafsiri ya neno kwa neno ambayo haisemi kitu kwa msomaji wetu. "Njia ya farasi" inaeleweka, ila inamfukuza mwenye baiskeli ambaye sheria imemkaribisha. Mimi napendekeza "njia ya farasi na baiskeli", kwa mpangilio huo huo, farasi mbele, maana baiskeli ndiyo inayopisha. (Kwetu Kongo wengi wangesema "kinga" badala ya baiskeli, lakini msomaji wa Dar es Salaam angeelewa kwamba farasi wanalindwa na kitu fulani.)

Linabaki tatizo la kihusishi -a chenyewe. "Njia ya Goma" ni inayokwenda Goma. "Njia ya mlima" ni inayopita mlimani. "Njia ya farasi" ni ya mtumiaji. Ukiandika "njia ya South Downs", msomaji anaweza kudhani ni ya kufika huko, na kumbe inapita juu ya vilima hivyo mwanzo hadi mwisho. Afadhali jina libaki kama lilivyo, kisha kitenzi kifanye kazi: South Downs Way, inayopita juu ya vilima.

Zoezi kwa wasomaji. Mwendesha baiskeli amefika penye njia panda. Kushoto kuna ngazi fupi ya mbao ya kuvukia uzio, na mshale wa njano. Kulia kuna lango ambalo farasi anapita bila shida, maana sheria ya 1980 inadai lango la njia ya namna hiyo lisipungue upana wa mita moja na nusu hivi. Mshale umefutika kwa mvua. Andika sentensi mbili za Kiswahili za kumwongoza, bila kutumia neno "kijia", na bila kutaja rangi yoyote.