Ulimi Bila Kalamu: Kiswahili Katika Bunge la Tatu la Kenya, 1974–1979

Utangulizi

Tarehe 4 Julai 1974 si ngeni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Tumeitaja mara nyingi katika mitihani ya isimujamii: siku hiyo Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba mijadala ya Bunge la Kenya iendeshwe kwa Kiswahili. Tukishaitaja, wengi wetu huruka moja kwa moja hadi Katiba ya 2010, kana kwamba miaka thelathini na sita iliyo katikati haikuwa na funzo lolote.

Makala haya yanadhamiria kukaa katika kipindi kimoja tu, yaani muhula wa Bunge la Tatu, lililochaguliwa Oktoba 1974 na kumaliza muhula wake mwaka 1979. Swali linaloongoza makala ni hili: ikiwa Kiswahili kiliingia ukumbini kwa amri ya Rais na kwa nguvu ya katiba, kwa nini hakikushika mizizi humo? Jibu linalozoeleka ni kwamba wabunge hawakukimudu, au kwamba lugha yenyewe ilipungukiwa na msamiati. Maoni ya mwandishi ni tofauti. Kiswahili kilipewa ulimi wa Bunge, kikanyimwa kalamu yake. Kiliruhusiwa kujadili sheria lakini hakikuruhusiwa kuiandika.

Uchaguzi na wanachama wa Bunge la Tatu

Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 14 Oktoba 1974. Chama cha KPU kilikuwa kimepigwa marufuku mwaka 1969, na KANU ndicho chama cha pekee kilichobaki uwanjani. Kwa hivyo ushindani ulikuwa baina ya wanachama wa KANU wenyewe, na aliyeshinda uteuzi wa chama ndiye aliyekwenda Bungeni. Maeneo ya uwakilishi bungeni yalikuwa 158, na Rais aliteua wabunge wengine 12. Mwaka huo huo umri wa kupiga kura ulikuwa umeshushwa kutoka miaka 21 hadi 18.

Ingawa chama kilikuwa kimoja, wapigakura hawakuwa na huruma. Wabunge wengi wa zamani walipoteza viti, akiwemo Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, Dkt. Njoroge Mungai, aliyeshindwa na Dkt. Johnstone Muthiora huko Dagoretti. Miongoni mwa waliochaguliwa walikuwamo wanawake wanne: Grace Onyango wa Kisumu Mjini, aliyekuwa Bungeni tangu 1969, pamoja na Chelagat Mutai wa Eldoret Kaskazini, Julia Ojiambo wa Busia ya Kati na Nyiva Mwendwa wa Kitui Magharibi. Spika alikuwa Fred Mati. Mwezi wa Februari 1975 Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet, akachaguliwa kuwa Naibu wa Spika.

Yapo manufaa ya kuwataja watu hawa katika jarida la lugha. Tangu uhuru mwaka 1963, katiba ilikuwa imemtaka mgombea awe na uwezo wa kuzungumza na kusoma Kiingereza kiasi cha kushiriki shughuli za Bunge. Mwananchi aliyekuwa fundi wa kuhutubia mikutano ya hadhara kwa Kiswahili, lakini asiyekuwa na elimu ya shule za kikoloni, alikuta mlango umefungwa. Tangazo la 1974 liliugeuza mizani huo. Sasa msomi aliyezoea kupamba hoja kwa Kiingereza ndiye aliyelazimika kuyatafuta maneno, ilhali mwenzake aliyelelewa katika lugha ya soko na mkutano alisimama bila kigugumizi.

Kifungu cha 53

Mabadiliko hayo yalitiwa katika katiba kwa marekebisho ya mwaka 1974 na 1975, na kiini chake kikawa kifungu cha 53. Kifungu hicho kina masharti yanayostahili kusomwa kwa makini na kila mwanafunzi wa sera ya lugha. Kwanza, kilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya shughuli za Bunge. Pili, kikaagiza kwamba kila mswada, kila sheria, kila azimio la fedha na kila pendekezo la kuvirekebisha viandikwe kwa Kiingereza. Tatu, kikaeleza kwamba maneno ya hati hizo yanapohitajika katika mjadala, yanukuliwe kwa Kiingereza.

Hebu msomaji ajiweke katika nafasi ya mbunge wa wakati huo. Anasimama kuchangia mswada wa ardhi. Anamwambia Spika kwa Kiswahili kwamba kifungu fulani kitawaumiza wakulima wadogo. Anapotaka kuonyesha ni neno gani linalowaumiza, inambidi alisome kwa Kiingereza, kisha arejee kwenye Kiswahili kulifafanua. Akitaka kulibadilisha, pendekezo lake sharti liandikwe kwa Kiingereza. Hoja yake imezaliwa kwa Kiswahili, lakini ili izae matunda sharti ivuke mpaka. Asiyeweza kuvuka mwenyewe hutegemea mtu wa kumvusha.

Neno mswada lenyewe linatusaidia hapa. Sisi wa fasihi tunalitumia kwa maana ya maandishi ya mwandishi kabla hayajachapishwa kuwa kitabu, na Bungeni linatumika kwa sheria ambayo haijapitishwa. Katika matumizi yote mawili, mswada ni kitu kinachoandikwa, kikasomwa, kikakosolewa na kuandikwa upya. Bunge la Tatu lilikuwa na neno hilo katika kila kikao, ila mswada wenyewe wa Kiswahili haukuwekwa mezani. Hali hiyo haina tofauti kubwa na ya mhariri anayekosoa riwaya ya lugha moja kwa lugha nyingine: maoni yake yanaweza kuwa ya busara, lakini hawezi kusahihisha sentensi.

Kumbukumbu na lugha yake

Matokeo ya mgawanyo huu yanaonekana katika matukio mawili mazito ya muhula huo.

La kwanza ni kuuawa kwa J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, mwezi wa Machi 1975. Bunge liliunda Kamati Teule chini ya uenyekiti wa Elijah Mwangale kuchunguza mauaji hayo, na ripoti ikawasilishwa mwezi wa Juni mwaka huo. Hiyo ni miongoni mwa kazi za ujasiri zaidi kuwahi kufanywa na Bunge la Kenya. Hata hivyo, ripoti tunayoisoma hadi leo ni ya Kiingereza. Bunge lililotakiwa kuomboleza na kuuliza maswali kwa Kiswahili liliyahifadhi majibu yake katika lugha nyingine.

La pili ni la Oktoba 1975. Martin Shikuku, mbunge wa Butere, alionya dhidi ya watu waliotaka kuliua Bunge kama KANU ilivyouawa. Alipotakiwa athibitishe madai yake, Seroney, aliyekuwa amekalia kiti cha Spika, aliamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Tarehe 15 Oktoba wabunge hao wawili walikamatwa katika majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini. Waliachiliwa Desemba 1978, baada ya Rais Kenyatta kuaga dunia mwezi wa Agosti na Daniel arap Moi kushika hatamu.

Kwa mujibu wa katiba ya wakati ule, lugha ya kikao hicho ilikuwa Kiswahili. Lakini mwulize Mkenya yeyote anayeikumbuka kauli ya Seroney, naye ataitamka kwa Kiingereza. Vitabu vya historia huinukuu kwa Kiingereza, na magazeti vilevile. Kauli iliyowagharimu watu wawili zaidi ya miaka mitatu ya uhuru wao imepokewa na vizazi vya baadaye kama kwamba ilitolewa katika Bunge la Kiingereza. Lugha isiyoandika kumbukumbu zake hupokonywa hata maneno iliyoyasema.

Je, Kiswahili kilipungukiwa?

Wapo watakaosema kwamba mgawanyo huu haukuepukika, kwa kuwa Kiswahili hakikuwa na msamiati wa sheria. Hoja hii ina chembe ya ukweli, lakini inalitazama tatizo upande usio wake. Msamiati wa Bunge haukukosekana. Maneno kama hoja, azimio, kifungu, kanuni, kura, kikao na kamati yalikuwapo, na majirani zetu wa Tanzania walikuwa wakiyatumia Bungeni tangu miaka ya 1960.

Kilichokosekana ni mazoea ya kuandika sheria, na mazoea hayo yanahusu sarufi kuliko msamiati. Chukua sentensi hii ya kubuni: "Waziri atatunga kanuni za soko." Kiambishi -ta- kinaweza kubeba ahadi, utabiri au amri. Mkutanoni sauti na muktadha vitatuelekeza. Mahakamani, mawakili wawili wanaweza kubishana siku nzima kuhusu iwapo waziri amelazimishwa au ametabiriwa. Mwandishi wa sheria anapaswa kuchagua: "sharti Waziri atunge", "Waziri anaweza kutunga", au akubaliane na wenzake kwamba -ta- katika sheria ni amri daima. Kiswahili kina njia zote tatu. Makubaliano juu ya ipi itumike wapi ndiyo hayapatikani kwa kuunda kamusi peke yake. Hupatikana kwa kuandika miswada, kuikosea, kuipeleka mahakamani na kuirekebisha.

Kifungu cha 53 kiliizuia kazi hiyo isianze. Katiba ilipokikataza Kiswahili kuandika sheria, iliwapa wakosoaji wake ushahidi waliouhitaji: baada ya miaka mitano wangeweza kusema kwamba hakijazalisha lugha ya kisheria. Mtoto asiyepelekwa mtoni hawezi kulaumiwa kwa kutojua kuogelea.

Baada ya 1979

Mwaka 1979 katiba ilirekebishwa tena. Kiingereza kilirudishwa kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili, na mbunge akawa huru kutumia mojawapo. Mgombea naye akatakiwa kuzimudu lugha zote mbili. Masharti ya miswada kuandikwa kwa Kiingereza yakabaki. Panapokuwa na lugha mbili, moja ikiwa na hati na nyingine haina, si vigumu kubashiri itakayotumiwa na mbunge anayetaka kunukuu, kurekebisha na kumaliza kazi haraka.

Ikumbukwe kwamba pengo hili si la Kenya pekee. Tanzania, ambako Bunge hujadiliana kwa Kiswahili, iliendelea kuandika sheria zake nyingi kwa Kiingereza kwa miongo mingi. Ni mwaka 2021 ndipo sheria ilipopitishwa kukitangaza Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi hiyo. Ikiwa ulimi wa Tanzania ulichukua muda mrefu hivyo kuifikia kalamu, Kenya haina sababu ya kukata tamaa. Pia haina sababu ya kujidanganya kwamba jambo litatokea lenyewe.

Katiba ya 2010 imetupa msingi mpya. Ibara ya 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Ibara ya 120 inazitaja lugha rasmi za Bunge kuwa Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Ibara hiyo hiyo inaeleza kwamba iwapo matoleo ya sheria katika lugha tofauti yatakinzana, toleo lililotiwa sahihi na Rais ndilo litakalotawala. Kanuni hii ya mwisho haijadiliwi sana katika madarasa yetu, ingawa ndiyo inayolifuta katazo la 1975. Inakiri kwamba sheria ya Kenya yaweza kuwa na toleo la Kiswahili, na kwamba toleo hilo laweza kuwa ndilo lenye sahihi. Mlango uko wazi. Swali lililobaki ni nani aliyejiandaa kuingia.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Bunge la Tatu halikuthibitisha udhaifu wa Kiswahili. Lilithibitisha kwamba lugha haiwezi kutawala mahali ambapo haiandiki. Funzo hilo linatuhusu sisi wanafunzi kuliko linavyowahusu wabunge. Tumezoea kuwacheka wanasiasa wanaoboronga upatanisho wa kisarufi, tukasahau kujiuliza ni wangapi kati yetu wanaoweza kuandika mswada wa kurasa mbili ambao hakimu atausoma bila utata.

Chama chetu kingeweza kuanza na kazi mbili ndogo. Ya kwanza ni kuzisoma Hansadi za 1974 hadi 1979 na kuorodhesha istilahi na miundo ambayo wabunge wa wakati huo waliibuni wakiwa miguuni, bila kamati ya istilahi. Hiyo ni hazina ambayo tasnifu nyingi zingeweza kuchimbwa humo. Ya pili ni kuchagua sheria moja fupi kila mwaka, kuiandika upya kwa Kiswahili, na kuwakabidhi wenzetu wa Kitivo cha Sheria waishambulie. Tutaaibika mwanzoni. Hata hivyo, aibu ya darasani ni nafuu kuliko ya kuletewa toleo la Kiswahili la sheria tukakosa mtu wa kulihakiki.

Maswali ya kujadiliwa

1. Fafanua tofauti kati ya lugha ya mijadala na lugha ya sheria kwa kurejelea kifungu cha 53 cha katiba ya zamani na Ibara ya 120 ya Katiba ya 2010.

2. Je, kiambishi -ta- kinafaa kuwakilisha amri katika maandishi ya kisheria? Toa mifano yako mwenyewe.

3. "Bunge la Tatu lilikipa Kiswahili heshima bila mamlaka." Jadili.